Madaftari ya Misikiti na Madrasa Kuhamia kwenye Wingu: Mkono Usiiachie Amana

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Sahaba zake na kila aliyeshika njia yao hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Katika vikao vya taasisi zetu siku hizi kuna ajenda ambayo miaka kumi nyuma haikuwepo. Kijana wa kamati anasimama na kusema: "Masheikh zangu, madaftari yetu yanaliwa na mchwa, kompyuta ya ofisini imeshakufa mara mbili, tuhamieni kwenye wingu." Wazee wanatazamana. Mmoja anauliza wingu gani, mwengine anauliza bei, na wa tatu anauliza kama inajuzu kumpa mtu tusiyemjua orodha ya mayatima wa msikiti. Mara nyingi kikao kinaishia hapo, ama kwa kukataa kwa khofu, ama kwa kukubali ili kumridhisha kijana. Suali la yule mzee wa tatu ndilo lenye uzito, na linastahiki jawabu.

Rai yangu naitanguliza ili msomaji ajue tunakoelekea. Kuhamishia kumbukumbu za taasisi ya Kiislamu kwenye wingu kunajuzu, na mara nyingi ni hifadhi bora kuliko kabati lenye mchwa. Sharti lake kubwa ni moja: mkono wa taasisi usiondoke juu ya amana. Taasisi ikihama huku funguo zimebaki kwake, nakala imebaki nyumbani kwake na njia ya kurudi iko wazi, imetekeleza wajibu. Ikihama kwa kumkabidhi mtu au kampuni kila kitu kisha ikaenda kulala, imeipuuza amana, hata kama bado hakijapotea kitu.

Wingu ni kitu gani?

Jina hili linawapoteza watu. Hakuna kilichoko angani. Wingu ni kompyuta za mtu mwengine, zimepangwa kwa maelfu katika majengo makubwa yenye umeme wa akiba, mitambo ya kupooza joto na walinzi, nawe unakodi sehemu yake kupitia intaneti. Unaweza kukodi nafasi ya kuweka faili na baruapepe. Unaweza kukodi programu iliyo tayari, kama ya mahesabu au ya kusajili wanafunzi. Na wenye utaalamu hukodi mashine tupu wakaweka wenyewe wanachokitaka. Kwa lugha ya fiqhi, humo mna ijara ya manufaa na mna kuweka wadia, yaani amana kwa mtu mwengine.

La pili la kufahamu ni kwamba wengi wetu tumeshahama zamani bila ya kikao. Mahesabu ya Ramadhani yanatumwa WhatsApp. Picha za vyeti vya vifo vya wazazi wa mayatima ziko katika simu ya katibu, na simu hiyo kila usiku inapeleka nakala zake kwenye akaunti ya katibu mwenyewe. Orodha ya wanafunzi iko katika baruapepe ya ustadh. Yote hayo ni wingu. Kwa hivyo kamati inayosema "sisi hatutaki wingu" mara nyingi imo ndani yake, ila haikuamua yenyewe na haijui funguo ziko kwa nani.

Kisa cha madrasa moja

Nilipata kukaa katika kamati ya madrasa moja hapa Unguja ambayo sitoitaja. Alikuwepo ustadh kijana, muaminifu, asiyelipwa hata nauli. Yeye ndiye aliyetuokoa na makaratasi: aliingiza kwenye kompyuta majina ya wanafunzi, taarifa za mayatima wanaofadhiliwa na risiti za wafadhili, akayahifadhi katika akaunti yake binafsi kwa sababu madrasa haikuwa na akaunti. Sote tulimuombea dua.

Kisha akapata nafasi ya masomo nje ya nchi. Tulimuaga kwa furaha na hakuna aliyekumbuka kuuliza juu ya funguo. Laini yake ya simu ikakaa bila ya kutumika, ikafungwa, na namba akapewa mtu mwengine. Siku alipotaka kuingia katika akaunti ile kwa kompyuta mpya, akaambiwa kuna tarakimu za uthibitisho zimetumwa kwenye namba yake ya zamani. Namba hiyo ilikuwa mkononi mwa mtu tusiyemjua.

Mwezi uliofuata mfadhili kutoka Oman akaomba ripoti ya mayatima. Hatukuwa na kitu. Ilitubidi tupite nyumba hadi nyumba kuwaomba wajane vyeti vya vifo vya waume zao kwa mara ya pili. Mama mmoja alituuliza, kwa adabu, tulifanya nini na vile alivyotupa mwanzo. Hatukuwa na jawabu. Hakuna mtu aliyeiba na hakuna aliyekusudia ubaya. Kosa lilikuwa letu, wanakamati, tuliopokea amana za watu kisha tukamwachia mtu mmoja bila ya kumuuliza ameziweka wapi.

Wadia katika fiqhi yetu

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafi wameuzungumza mlango wa wadia kwa upana, na Imamu Nawawi katika Minhaj ameukusanya kwa maneno machache. Mifano yao ni ya fedha, wanyama na vyombo, lakini ukiisoma kwa makini utadhani ilikuwepo kamati ya madrasa mbele yao. Nitataja mambo matano.

La kwanza, aliyewekewa amana ni muaminifu. Kikipotea bila ya yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, hadhamini. Akizembea, anadhamini.

La pili, akimpa amana mtu mwengine aihifadhi, bila ya idhini ya mwenyewe na bila ya udhuru, anadhamini. Lakini wamesema pia kwamba ikiwa hakuuondoa mkono wake juu ya amana, anaruhusiwa kumtumia mtu amsaidie kuibeba hadi mahali pa hifadhi, na anaruhusiwa kuiweka katika ghala analoshirikiana na wenzake. Hapa ndipo nilipoitoa rai yangu. Wingu ni ghala la kushirikiana lenye mbebaji wa kulipwa. Kinachotenganisha halali na uzembe ni huo mkono: je, taasisi bado inajua kilichomo, inaweza kukitoa itakapo, na inaweza kumzuia asiyehusika?

La tatu, kila kitu kina hifadhi inayolingana nacho. Dhahabu haiwekwi zizini, na majani ya ng'ombe hayahitaji sanduku la chuma. Ratiba ya darsa na orodha ya wapokeaji zaka haziwekwi mahali pamoja kwa ulinzi wa aina moja.

La nne, anayechanganya amana na mali yake mpaka zisipambanuke, anadhamini. Hili ndilo la mshika fedha anayeweka mahesabu ya msikiti katika akaunti moja na picha za harusi ya mwanawe.

La tano, anayetaka kusafiri au aliyeshikwa na maradhi ya khatari anatakiwa airudishe amana kwa mwenyewe au wakili wake. Akiwakosa, huipeleka kwa kadhi au kwa muaminifu, na mgonjwa anaweza kuiusia kwa uwazi. Asipofanya lolote katika hayo, anadhamini. Mwenye neno la siri la taasisi ambaye hajamuonesha mtu mahali lilipo, hali yake ndiyo hiyo. Mauti hayapigi hodi.

Kuna tofauti moja kati ya amana za zamani na hizi zetu. Ng'ombe akiibiwa, mwenyewe anamkosa. Taarifa ikiibiwa inabaki pale pale, huku nakala yake inatembea. Kwa hivyo tuna wajibu mara mbili, zisipotee na zisifichuke, na nyajibu hizi mbili huvutana. Kila unapoongeza nakala ili zisipotee, umeongeza mlango wa kufichuka. Anayekwambia weka kila kitu kila mahali hajafikiria siri za watu, na anayekwambia funga kila kitu katika kompyuta moja hajafikiria moto.

Yaliyowapata waliotangulia kuhama

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kompyuta la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na kuharibu sehemu ya jengo jengine. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi kazini. Ambao hawakuwa nayo, walipoteza. Wapo waliokuwa wamelipia nakala ya akiba, ikaja kudhihirika kuwa ilikuwa katika eneo lile lile lililoungua.

Asiseme mtu kwamba dawa basi ni kujihifadhia wenyewe. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini huko Daejeon. Hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi wa serikali, terabaiti 858, iliteketea, nayo haikuwa na nakala nje ya kituo. Hiyo ni dola tajiri yenye wataalamu, na kompyuta zilikuwa zake.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda zaidi. Mwanzoni mwa Mei 2024 mfuko wa pensheni wa UniSuper nchini Australia, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulikosa huduma kwa muda wa wiki nzima. Kosa katika upangaji wa huduma upande wa Google Cloud lilisababisha huduma ya wingu binafsi ya mfuko kufutwa. Kilichowaokoa ni nakala za akiba walizokuwa nazo, ikiwemo waliyoiweka kwa mtoa huduma tofauti. Kampuni ilikuwa kubwa na mteja alikuwa mkubwa, na bado aliyemuokoa mteja ni tahadhari yake mwenyewe.

Hayo ni ya kupotea. Katika kufichuka, mwaka 2019 mtu mmoja alipenya na kuchukua taarifa za watu takriban milioni 100 nchini Marekani na milioni 6 nchini Canada, za benki ya Capital One, zilizokuwa katika wingu la Amazon. Mlango alioingilia ulikuwa ni ulinzi uliopangwa vibaya. Msimamizi wa mabenki aliitoza faini ya dola milioni 80 benki yenyewe. Huu ndio mgawanyo wa majukumu ambao makampuni yote ya wingu huuandika katika mikataba yao: wao wanalinda jengo na mashine, wewe unalinda funguo na unachagua nani aingie. Mwenye ghala haulizwi kwa nini uliuacha wazi mlango wa chumba chako.

Na kwa taasisi za kheri, tazameni yaliyotokea mwaka 2020 kwa kampuni ya Blackbaud ya Marekani, inayotunza taarifa za wafadhili wa vyuo vikuu na jumuiya za misaada. Wezi walikaa ndani kuanzia Februari hadi Mei, wakatoka na taarifa za wateja wake zaidi ya 13,000. Kampuni ikakiri kwamba iliwalipa kikombozi. Baadaye mamlaka za Marekani zikailaumu kwa kuendelea kushikilia taarifa hata za wateja walioacha zamani kutumia huduma yake. Jumuiya iliyohama bila ya kuhakikisha imefutiwa, iliacha siri za wafadhili wake nyuma.

Makampuni yenyewe

Waulizaji wengi wanasema: makampuni haya makubwa si ya Waislamu, na baadhi yake yanawasaidia wanaowadhulumu Waislamu. Tushirikiane nayo vipi?

Asili ya miamala na asiyekuwa Muislamu ni kujuzu. Katika Hijra, Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar (R.A.) walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye alikuwa katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili na wakaagana naye wakutane katika pango la Thawr baada ya masiku matatu. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari, mlango wa ijara. Zingatieni namna walivyomkodi: alikuwa mjuzi wa njia, alikuwa wa kuaminika, na kazi yake ilikuwa na mpaka, ngamia hawa, mahali hapa, siku hii. Hizo ndizo sifa tatu za kumtazamia yeyote tunayemkodi, Muislamu na asiyekuwa Muislamu.

Hata hivyo malalamiko yana msingi. Agosti 2025 gazeti la Guardian la Uingereza pamoja na +972 Magazine na Local Call yalichapisha uchunguzi kwamba kikosi cha ujasusi cha jeshi la Israel kilihifadhi katika wingu la Microsoft rikodi za simu za Wapalestina wa Gaza na Ukingo wa Magharibi. Tarehe 25 Septemba kampuni ikatangaza kukizuilia kikosi hicho baadhi ya huduma. Google na Amazon nazo zina mkataba wa wingu na serikali ya Israel tangu 2021, uitwao Nimbus, wa dola bilioni 1.2. Sisemi kwamba kila anayetumia huduma zao ametenda haramu. Baruapepe ya takriban kila msikiti ingeingia humo. Nasema kwamba taasisi inayopata mbadala unaoitosha, bila ya kuizidishia khatari amana zake, kuuchagua mbadala huo ni bora na ina ujira kwa nia yake. Wapo watoa huduma wadogo, na zipo programu huria kama Nextcloud zinazoweza kuwekwa kwenye seva ya kukodi. Lakini mbadala usio na mtaalamu wa kuutunza ni nyumba isiyo na mlango, na ghera haiondoi wajibu wa hifadhi.

Wala tusidhani kwamba jina la Kiislamu linatosha. Novemba 2020 iliripotiwa kwamba data za mahali walipo watumiaji wa programu ya Muslim Pro, ya nyakati za sala na kibla, zilikuwa zikipelekwa kwa dalali wa data ambaye miongoni mwa wateja wake walikuwemo makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi, wakatangaza kuvunja uhusiano na madalali hao. Suali la kumuuliza mtoa huduma ni hili: taarifa zetu anazipata nani mwengine?

Sheria za nchi

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sheria hizi zinazipa ulinzi wa ziada taarifa nyeti, zikiwemo za watoto, za afya na za imani ya mtu, na zinaweka masharti ya kuzipeleka taarifa nje ya nchi. Madrasa ina watoto, zaka ina wagonjwa, na msikiti wote ni imani. Kwa taasisi za hapa Visiwani, mwanasheria awaeleze ni wapi sheria ya 2022 inafika, kwa sababu ya mgawanyo wa mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano. Kutii sheria isiyopingana na dini, yenye kulinda haki za watu, ni katika kutekeleza ahadi.

Namna ya kuhama

Baada ya hayo, hizi ndizo hatua ninazozinasihi, kwa mpangilio wake.

1. *Hesabuni mlichonacho.* Kabla ya kununua chochote, kamati ikae na kuandika: tuna kumbukumbu gani, ziko wapi, nani anaziona, nani ana ufunguo. Kazi hii peke yake itawaonesha mengi, na haigharimu kitu ila chai.

2. *Gaweni mafungu matatu.* Fungu la wazi: ratiba, matangazo, mihadhara. Hili liende popote. Fungu la kazi: mahesabu, usajili wa wanafunzi, risiti, nyaraka za wakfu. Hili liende kwenye akaunti ya taasisi yenye ulinzi. Fungu la siri: wapokeaji zaka, maradhi ya watu, migogoro ya ndoa, masuali ya fatwa. Hili libaki nyumbani chini ya kufuli, au lisimbwe kwa neno la siri mnalolijua nyinyi tu kabla ya kupanda kwenye wingu. Nasi tunaojibu masuali tujihesabu hapa. Mwanamke anayetuandikia kuhusu talaka yake ametuwekea amana nzito kuliko fedha, na jumbe hizo zimejaa katika simu zetu. Jawabu likishatoka na haja ikaisha, futeni jina na namba. Kisichokuwepo hakiibiwi.

3. *Akaunti iwe ya taasisi.* Isajiliwe kwa jina la taasisi, na funguo wawe nazo watu wawili au watatu. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili, lakini usitegemee laini ya mtu mmoja. Tarakimu za dharura ziandikwe, zitiwe katika bahasha, zifungiwe pamoja na hati za wakfu. Anayeondoka katika kamati aondolewe katika akaunti siku hiyo hiyo, kwa heshima na bila ya kumtuhumu.

4. *Someni mkataba.* Taasisi ndogo haiwezi kubishana na kampuni kubwa juu ya masharti, lakini inaweza kusoma na kuchagua. Ulizeni: taarifa zitakaa nchi gani? Zinasomwa kwa ajili ya matangazo au kufundishia mashine? Tukitaka kuondoka, tutapewa katika muundo unaofunguka kwengine? Watazifuta, na kwa muda gani? Wizi ukitokea, watatuarifu?

5. *Jueni gharama na anayelipa.* Huduma nyingi hulipwa kwa dola, kila mwezi, kwa kadi. Kadi ya mwanakamati ikimaliza muda, huduma inasimama, na baada ya muda kampuni inaweza kufuta. Pale malipo yanapofuata matumizi, bei ya kila kipimo inajulikana, hivyo sioni tatizo la kisheria, lakini wekeni kikomo ili bili isije ikamshangaza mshika fedha. Gharama ya kumbukumbu za wakfu itoke katika mapato ya wakfu huo. Fedha za zaka zisilipie mambo ya msikiti. Baadhi ya makampuni hutoa punguzo kwa taasisi zisizo za kibiashara zilizosajiliwa, basi ulizeni.

6. *Anzeni na kidogo.* Hamisheni fungu la wazi kwanza. Kisha usajili wa wanafunzi, mkiendesha daftari na kompyuta pamoja kwa muhula mmoja. Zikilingana, endeleeni. Wafundisheni na wazee, kwani mudir asiyejua kuingia katika kumbukumbu za madrasa yake ameshaondoa mkono wake.

7. *Wekeni nakala nyumbani na ijaribuni.* Kila mwezi nakala ishushwe kwenye diski, isimbwe, ifungiwe katika jengo jengine. Mara mbili kwa mwaka ifungueni muone kama inasomeka, kwani nakala isiyojaribiwa ni dhana tu. Sisi watu wa Unguja hatuhitaji kukumbushwa: kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tulikaa miezi mitatu bila ya umeme wa gridi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba nchini kwa siku kadhaa. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa. Mgonjwa anayengoja mgao wake wa zaka hawezi kuambiwa asubiri waya utengenezwe baharini.

Hitimisho

Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, ametuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Katika Suratul-Baqara, aya ya 282, ametufundisha kuandika madeni na kushuhudisha, ili haki za watu zisipotee kwa kusahau. Kuandika kwa kalamu au kwa kompyuta, kabatini au katika jengo lililoko Ulaya, ni nyenzo tu. Tutakachoulizwa ni amana.

Tukumbuke pia safari iliyokuwa na haraka kuliko kuhama kwetu kote. Usiku Mtume (S.A.W.) alipotoka Makka, watu walikuwa mlangoni wakitaka kumuua. Nyumbani mwake zilikuwemo amana za watu wa mji ule ule uliompiga vita. Alimbakisha Sayyidna Ali (R.A.) azirudishe kwa wenyewe mmoja mmoja, ndipo amfuate. Kuhama hakukuzisahaulisha amana hata za maadui. Basi sisi tunaohama na amana za mayatima na wajane wetu wenyewe, hatuna udhuru wa kutojua ziko wapi.

Namuomba Mwenyezi Mungu atupe ikhlasi na uangalifu, awalipe kheri vijana wetu wanaojitolea bila ya ujira, na azihifadhi siri za waja wake mikononi mwetu. Nilichopatia ni kwa taufiki Yake, na nilichokosea ni kutokana na nafsi yangu.

Wallahu a'lam.